Jinsi ya kuchunguza ateri za miguu kwa MRI, hatua kwa hatua

Mgonjwa anatembea hatua mia mbili, tafu linakaza kama limefungwa kamba. Anasimama dakika chache, maumivu yanakwisha, anaendelea. Hatua mia mbili nyingine, yaleyale. Daktari anayesikia habari hiyo na kuandika fomu ya MRI (picha za mwili zinazopigwa kwa sumaku) papo hapo ameruka ngazi, na picha atakayoletewa huenda ikapendeza macho bila kumjibu chochote. Mwongozo huu ni wa wanaokiomba kipimo hiki, wanaokifanya na wanaokisoma. Mgonjwa anayejiuliza kwa nini anahojiwa kama mtuhumiwa kabla ya kuingizwa kwenye mashine naye ataokota mawili matatu.

1. Anza na mguu wenyewe

Tafuta mapigo sehemu nne: kinenani, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo upande wa ndani, na juu ya mguu kati ya kifundo na vidole. Linganisha kulia na kushoto. Mapigo yakiwepo kinenani yakakosekana nyuma ya goti, kizuizi kiko pajani. Yakikosekana hata kinenani, panda juu, kwenye aota (ateri kuu itokayo moyoni) na ateri za nyonga. Maumivu nayo yanaelekeza: yakishika matako na mapaja, shaka iangukie juu, yakishika tafu peke yake, mara nyingi ni ateri ya paja. Na yule anayepata nafuu akiinama au akikaa tu, lakini akisimama wima maumivu hayaondoki, mtazame uti wa mgongo kabla hujamlaumu mshipa.

Halafu pima presha ya kifundo kwa Dopla, yaani ultrasaundi inayofuata mwendo wa damu, na uigawe kwa presha ya mkono. Hicho ndicho kipimo ambacho wengi wanakiita ABI. Kifundo kikisoma 84 na mkono 140, jibu ni 0.60. Kuanzia 0.90 kushuka chini ni ugonjwa wa ateri, 1.00 hadi 1.40 ni kawaida. Katikati ya hapo ni mpakani. Ikizidi 1.40 usishangilie. Maana yake ateri imejaa chokaa, imekuwa ngumu kama bomba, na mkanda wa presha hauwezi kuibana. Hali hiyo huonekana sana kwa wenye kisukari cha miaka mingi na wenye figo mbovu. Kwa hao pima dole gumba la mguu: 0.70 au chini yake ni dalili ya ugonjwa.

Kuna mguu mmoja ambao haupaswi kupangiwa foleni ya MRI: ule ulioanza ghafla kuuma, ukawa baridi, ukakosa mapigo, ukapauka, ukafa ganzi na vidole vikaacha kusogea. Kwa ngozi nyeusi weupe huo utafute kwenye unyayo na chini ya kucha. Mguu wa hivyo una takriban saa 6 kabla misuli haijaanza kuharibika moja kwa moja. Mwite daktari wa mishipa sasa hivi.

2. Jiulize picha itabadilisha nini

Wengi wanaochechemea kwa sababu ya ateri hutibiwa kwa kuacha sigara, mazoezi ya kutembea yanayosimamiwa, dawa za kushusha lehemu, dawa za kuzuia damu kuganda, na kudhibiti sukari na presha. Kwa hao ramani ya mishipa haibadilishi chochote. Ramani inahitajika pale unapofikiria kufungua mshipa kwa puto au stenti (kibomba cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa), au kuunganisha mshipa wa kukwepa kizuizi. Na pia pale ambapo mgonjwa anaumwa hata akiwa amepumzika, au ana kidonda kisichofunga, au donda ndugu limeshaanza vidoleni.

Hata hapo, Dopla ya ultrasaundi ndiyo hutangulia. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandaa miongozo ya tiba, uliotoka 2012 umepanga hivyo: Dopla kwanza, MRI ya mishipa yenye kontrasti (dawa ya sindano inayofanya damu ing'ae pichani) kwa anayehitaji picha zaidi, na CT (eksirei ya vipande inayotengenezwa na kompyuta) kwa asiyeweza MRI. Mpangilio huo una mantiki yake. CT ni ya haraka, lakini chokaa kwenye ukuta wa ateri humeremeta kiasi cha kufunika njia ya damu, hasa kwenye ateri nyembamba za chini ya goti. MRI haisumbuliwi na chokaa hicho, haitumii mionzi ya eksirei, wala haihitaji kontrasti ya iodini. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti 32, uliochapishwa 2010, uliona kwamba MRI yenye kontrasti inakamata karibu asilimia 95 ya sehemu zilizobanwa kwa nusu au zaidi, na inatambua kwa usahihi kiasi kama hicho cha sehemu zisizo na tatizo.

Lakini kutokuona chokaa ni upungufu pia. Daktari wa upasuaji anayetaka kubana ateri kwa koleo au kushona mshipa mpya juu yake anahitaji kujua ukuta ni laini au ni jiwe. MRI haitamwambia.

3. Andika fomu inayosema kitu

"Maumivu ya miguu, MRI tafadhali" si ombi. Andika mguu upi, umbali gani anatembea kabla ya kusimama, kidonda kipo wapi hasa (kisigino na dole gumba havilishwi na ateri moja), ABI ya kila mguu, na kiwango cha uchujaji wa figo. Andika kila chuma kilichomo mwilini. Zaidi ya yote, andika operesheni zilizopita na njia ambayo mshipa wa kupandikiza unapita.

Sababu ya msisitizo huo ni hii. Picha za miguu hupigwa ndani ya kisanduku cha pembe nne kilicholala kufuata urefu wa mwili, na mtaalamu hukifanya kiwe chembamba ili kuokoa muda. Mgonjwa aliyewahi kuunganishwa mshipa wa kuvusha damu kutoka kinena kimoja kwenda kingine anao mshipa huo mbele kabisa, chini tu ya ngozi, juu ya mfupa wa kinena. Kama hakuna aliyesema, kisanduku kinapita nyuma yake. Picha inatoka, mshipa haupo, ripoti inasema umeziba. Nimewahi kuiona ripoti ya namna hiyo ikiwa mezani wakati mgonjwa mwenyewe, ukimwekea kidole juu ya kinena, mshipa unadunda. Aliyegundua kosa alikuwa muuguzi aliyekuja kutazama kidonda.

4. Usalama: sumaku haizimwi

Mashine ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) ina nguvu usiku na mchana, hata kama hakuna mgonjwa. Uliza kuhusu pesimeka (kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo), klipu za mishipa ya ubongo, vifaa vya kusikia vilivyopandikizwa, na vipande vya chuma machoni kwa waliowahi kuchomelea au kukata vyuma. Kuwa na pesimeka si mwisho wa habari siku hizi, maana nyingine zinaruhusiwa kwa masharti, ila masharti hayo husomwa kwenye kadi ya kifaa, si kwa kukisia. Stenti nyingi za mishipa ya damu huruhusiwa pia.

Wagonjwa hawa wengi wana kisukari, kwa hiyo kuna mambo ambayo fomu za jumla husahau: pampu ya insulini na kihisi cha sukari kilichobandikwa mkononi au tumboni vitolewe nje ya chumba. Bandeji za dawa zinazobandikwa kwenye ngozi, baadhi zina utando wa chuma upande wa nyuma wa bandeji na zinaweza kuunguza. Fungua na kidonda uone kimefungwa na nini, kwani baadhi ya vifungio vina madini ya fedha.

Sasa kontrasti. Kinachotumika ni gadoliniamu. Mwaka 2006 iligundulika kwamba kwa wenye figo zilizochoka sana, baadhi ya aina zake zilihusiana na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo vya ndani, ambao hauna tiba ya uhakika. Aina zilizolaumiwa sana ni zile ambazo gadoliniamu imeshikwa na molekuli ya umbo la mnyororo. Zile ambazo imefungwa ndani ya molekuli ya umbo la pete, kama gadobutroli na gadoterati, huiachia kwa shida, na hatari yake ni ndogo mno. Ulaya ilisimamisha nyingi za mnyororo mwaka 2017. Ushauri wangu ni mfupi: tumia za pete, na uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika zungumza kwanza na daktari wa radiolojia, huenda kipimo kikafanyika bila kontrasti. Anayesafishwa damu kwa mashine apangwe muda mfupi kabla ya zamu yake ya kusafishwa. Metformini haina haja ya kusimamishwa kwa ajili ya gadoliniamu. Mjamzito asipewe ila kwa sababu isiyoepukika.

Kipimo cha kawaida ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Hapa watu hujikanganya, kwa sababu dawa hazina ukolezo mmoja. Gadobutroli ina milimoli 1 kwenye mililita, gadoterati ina nusu yake. Mgonjwa wa kilo 70 atapata mililita 7 za ile ya kwanza, au mililita 14 za ile ya pili. Soma chupa kabla ya kujaza bomba.

5. Kumlaza mgonjwa

Hatua hii huchukuliwa kama kazi ya kitwana, lakini ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko kosa lolote la kompyuta.

Mgonjwa mwenye ateri zilizoziba sana hulala usiku mguu ukiwa umening'inia kando ya kitanda, kwa sababu damu hushuka kwa uzito wake na maumivu hupungua. Wewe unataka alale chali, miguu ikiwa imenyooka na kuinuliwa kidogo, kwa nusu saa au zaidi. Atajitahidi dakika kumi, kisha atausogeza. Mpe dawa ya maumivu mapema, si wakati ameshaingia ndani ya mashine. Kila kitu kiwe tayari kabla hajalala, pamoja na kanula mkononi na bomba la sindano lililounganishwa.

Weka mito chini ya miguu ili miundi iwe kwenye usawa mmoja na mapaja na tumbo. Ndipo kisanduku chembamba kitaweza kubeba ateri zote. Lakini mto ukilibana tafu, ateri chini yake inaweza kubanwa na kuonekana imeziba. Acha tafu lielee, beba uzito kwenye goti na kisigino. Weka pedi kati ya miguu miwili ili ngozi isiguse ngozi, maana mguso huo hutengeneza mzunguko wa umeme unaoweza kuunguza. Funga mikanda kwa kiasi cha kukumbusha, si cha kukaba.

Kisha tazama nyayo. Mgonjwa aliyechoka huachia vidole vielekee mbele kama mcheza baleti, na koili ya miguu (antena inayofunika miguu na kunasa ishara) nayo husaidia kuvisukuma. Katika mkao huo ateri ya juu ya mguu hunyooshwa na kubanwa kwenye kifundo, na picha inaonyesha imekatika ghafla. Weka kifuko cha povu chini ya wayo, vidole vitazame juu. Kitu kidogo kama hicho kinaweza kumwokoa mgonjwa asiambiwe kwamba mguu wake hauna ateri ya kupokea mshipa mpya.

6. Kupiga picha yenye kontrasti

Anza na picha za haraka za kutafuta mahali, kisha piga kila kituo bila kontrasti: tumbo na nyonga, mapaja, miundi na nyayo. Picha hizi huitwa maski. Baadaye kompyuta itaziondoa kwenye zile zenye kontrasti, libaki tawi la mishipa peke yake. Mguu ukisogea baina ya maski na picha ya pili, utoaji huo unaharibika: kingo zinajirudia, moja nyeupe na moja nyeusi, na ateri nzima inaweza kuonekana imebanwa.

Gadoliniamu hufupisha sana muda ambao damu huchukua kurudi kwenye utulivu baada ya kupigwa wimbi la redio. Damu ya kawaida huchukua zaidi ya sekunde moja. Yenye kontrasti ya kutosha huchukua chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kila kitu kingine kikiwa bado kimezubaa, damu imeshakuwa tayari kutoa ishara nyingine, nayo inang'aa. Ila mng'ao huo ni wa muda. Ukipiga mapema, ateri ni tupu. Ukichelewa, damu imeshavuka kwenda kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), nazo zinang'aa sawasawa na ateri, na chini ya goti hutaweza kuzitenganisha.

Kwa hiyo wakati ndio roho ya kipimo. Usitumie sekunde za kubahatisha. Ingiza mililita 1 au 2 kwanza utazame zinafika aotani baada ya muda gani, au tumia utaratibu wa kuiangalia kontrasti ikifika moja kwa moja kwenye skrini na kuanzisha picha hapohapo. Mwenye moyo dhaifu au aota iliyovimba atachelewa sana. Mwenye kidonda kilichoambukizwa atawahi, tena vena za mguu huo zitajaa upesi kuliko za mguu usio na kidonda.

Utaratibu wa zamani ni kuikimbiza kontrasti: sindano moja, kitanda kinasogea kutoka tumboni hadi miguuni kikifuata damu. Kwa mwenye kuchechemea tu unatosha. Kwa mwenye kidonda au kisukari, mimi siupendi. Napendelea kuanza chini: sehemu ya kontrasti kwa ajili ya miundi na nyayo, zikipigwa mfululizo kila sekunde chache kama sinema, ili hata vena zikijaa baadaye kuwe na picha za mwanzo zenye ateri peke yake. Halafu kontrasti iliyobaki inatumika tumboni na mapajani, ukiwa umepiga maski mpya za sehemu hizo kwanza. Kuanza chini kuna faida nyingine: mguu unaouma unapigwa kabla haujachoka kutulia.

Kasi ya sindano ni mililita 1 hadi 2 kwa sekunde, ikifuatwa na mililita 20 hadi 30 za maji ya chumvi ya kusukuma. Kituo cha tumbo kinataka mgonjwa ashike pumzi. Mfanyishe mazoezi ya sauti ile ya "vuta, toa, shika" mara mbili kabla.

7. Kama kontrasti haiwezekani

Njia ya zamani, inayotegemea damu mpya kuingia kwenye kipande kinachopigwa, ni ndefu na ina tabia ya kukuza ubaya: damu inapokwenda polepole au kando kando ya kipande, mshipa mwembamba huonekana umekatika. Njia inayojulikana kama QISS, iliyotolewa 2010, ni afadhali sana. Hupiga kipande kimoja kwa kila pigo la moyo, ikingoja damu iingie kwa kasi, na hufanya kazi vizuri hata kwa wenye kisukari. Inahitaji waya za kufuatilia moyo, na moyo unaodunda ovyo huivuruga kidogo.

8. Kusoma

Picha ile ya kupendeza, yenye mti mweupe wa mishipa kwenye giza, iitwayo MIP, ni nzuri kwa kumwonyesha mgonjwa. Usiisome peke yake. Kompyuta huitengeneza kwa kuchukua nukta inayong'aa kuliko zote kwenye kila mstari, kwa hiyo ganda la damu lililozungukwa na damu inayong'aa linafichika ndani yake. Aota au ateri ya nyuma ya goti iliyovimba na kujaa damu iliyoganda itaonekana na upana wa kawaida, maana kinachong'aa ni njia tu. Rudi kwenye vipande vya asili, kimoja kimoja.

Tembea kutoka juu kwenda chini: aota, ateri za nyonga, ya kinena, ya kina ya paja, ya juujuu ya paja, ya nyuma ya goti, kisha zile tatu za muundi hadi wayoni. Simama zaidi kwenye sehemu ya chini ya paja, pale ateri inapopita kwenye mfereji wa misuli kabla ya kutokea nyuma ya goti. Huko kuziba ni kwa kawaida. Mbano wa nusu ya kipenyo umeshapunguza robo tatu ya eneo la njia, ndiyo maana asilimia 50 ndiyo mpaka wa kuanza kuhesabu.

Sehemu ikionekana nyeusi ghafla na kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu, shuku stenti kabla ya kushuku ugonjwa. Chuma cha pua huzima ishara ndani yake kabisa. Nitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titani) huzima kidogo. Nyonga ya bandia hufanya hivyo kwa ateri iliyo jirani. Dalili ya kwamba mshipa uko wazi ni kukosekana kwa matawi ya kukwepa: kizuizi cha kweli cha siku nyingi huwa kimeotesha mishipa midogo pembeni.

Kwa kijana asiyevuta sigara mwenye mbano nyuma ya goti, usiishie kwenye mishipa. Tazama picha za misuli na tishu. Huenda msuli wa tafu umeshika njia isiyo yake na kuibana ateri, au kuna uvimbe wa majimaji ndani ya ukuta wake. Hapo MRI haina mpinzani.

Ripoti imjibu daktari maswali yake: damu inaingia vizuri hadi wapi, kizuizi kina urefu gani na kinaanzia wapi, mshipa unafunguka tena wapi, na ni ateri ipi inayofika wayoni bila kukatika. Kisha linganisha na namba ya mwanzo. Picha ikisema mshipa uko wazi na ABI ni 0.5, mojawapo inadanganya. Rudi na Dopla kwenye sehemu hiyo hiyo. Ikibaki utata, mgonjwa aende kwenye picha ya katheta (mrija unaoingizwa ndani ya ateri), ambako mbano ukithibitika unaweza kufunguliwa palepale mezani.